Intaneti haikujengwa kuhimili bomu la nyuklia

Mhariri,

Kila mkongo wa baharini unapokatika, hoja moja hurudi redioni, vijiweni na hata kwenye kurasa za maoni: mbona tuliambiwa intaneti ilibuniwa na jeshi la Marekani ili iendelee kufanya kazi hata baada ya bomu la nyuklia, sasa nanga ya meli imeiwezaje? Anayeuliza hana kosa. Kosa liko katika hadithi aliyosimuliwa, nayo si ya kupuuza, maana wapo wanaoitegemea wanapopanga mifumo ya benki, hospitali na serikali. Wanaridhika na laini moja kwa imani kwamba intaneti itajitafutia njia yenyewe. Naomba nafasi niipangue hadithi hii.

Chanzo chake ni kazi ya kweli. Paul Baran, mhandisi wa shirika la utafiti la RAND huko California, alianza mnamo 1960 kushughulikia tatizo lililolikosesha usingizi Jeshi la Anga la Marekani: makombora ya Wasovieti yakishatua, amri ya Rais itawafikiaje makamanda, iwe ya kupiga au ya kuacha? Simu za masafa marefu za wakati ule, mali ya kampuni ya simu ya AT&T, zilipangwa kwa ngazi. Kituo cha mtaa kilitegemea kituo cha juu yake, nacho kilitegemea cha juu zaidi, mpaka kwenye vituo vikuu vichache vya kuhesabika. Ukivipiga hivyo vichache, nchi nzima inakuwa bubu hata kama nyaya nyingi bado ni nzima.

Baran alikokotoa ni nyaya ngapi za ziada zinazoleta nafuu. Tuchukue mfano mdogo. Panga vituo 100 katika mraba, 10 kwa 10. Ili vyote viunganike, nyaya 99 zinatosha, zikitawanyika kama matawi ya mti. Ukikata moja yoyote, kuna upande umepotea. Unganisha kila kituo na majirani zake wa kulia, kushoto, juu na chini, na nyaya zinakuwa 180. Ongeza mshazari mmoja ndani ya kila kijiraba, zinafika 261. Baran aligundua kwamba ukishakaribia mara tatu ya kiwango cha chini, vituo vitakavyonusurika bado vitaweza kuzungumza karibu vyote, na nyaya zaidi ya hapo huongeza faida ndogo tu. La maana zaidi ni kwamba, njia zikiwa nyingi namna hiyo, si lazima kila moja iwe imara na ghali. Sauti ingegeuzwa kuwa namba, ikatwe katika vipande vya biti 1,024 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), na kila kituo kikikipokea kipande kikisukume mbele haraka kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto, kwa njia yoyote iliyo wazi wakati huo.

Ripoti zake zilitolewa 1964. Mafundi wa AT&T walizipinga. Jeshi la Anga lilikubali mpango huo mwaka 1965, lakini kazi ingepewa wakala wa mawasiliano wa Wizara ya Ulinzi, ambao haukuwa na watu wenye ujuzi wa mitambo ya kidijitali, na Baran mwenyewe akashauri usimamishwe kuliko kujengwa vibaya. Mtandao wa Baran, kwa hiyo, haukujengwa, hata kituo chake kimoja.

ARPANET, mama wa intaneti ya leo, ulizaliwa kwingine na kwa haja nyingine. Mwaka 1966 Bob Taylor, mkuu wa kitengo cha kompyuta katika ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi, alikuwa na mashine tatu za kuandikia ofisini kwake Pentagon, kila moja ikiwa imeunganishwa na kompyuta moja ya mbali, na kila moja ikiwa na taratibu zake. Watafiti wa kila chuo nao walikuwa wanaomba kompyuta yao kubwa, na bei zake zilikuwa za kutisha. Taylor alitaka kompyuta chache zitumiwe na wengi. Mkurugenzi wake, Charles Herzfeld, alimpa kiasi cha dola milioni 1 aanze, na katika maisha yake yote Herzfeld alisisitiza kwamba mtandao ule haukuanzishwa kwa ajili ya shambulio la nyuklia.

Mbinu ya kukata ujumbe vipande iliingia baadaye. Huko Uingereza, Donald Davies wa maabara ya taifa ya fizikia alikuwa ameifikia peke yake mwaka 1965, akiwaza watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu bila vita kumpitia akilini, na ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti. Larry Roberts, aliyesimamia usanifu wa ARPANET, alizipata kazi za Davies na Baran kwenye mkutano wa Gatlinburg, Tennessee, mwaka 1967.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Stephen Lukasik, aliyeiongoza ARPA kuanzia 1970 hadi 1975, aliandika kwamba yeye alipoidhinisha fedha alifikiria pia amri na udhibiti wa majeshi, vita ya nyuklia ikiwemo. Namwamini. Lakini nia ya mwenye kuidhinisha fedha haimwongezei mtandao waya hata mmoja. Tutazame kilichofungwa chini.

Kila kituo cha ARPANET kilikuwa na kompyuta ya kuelekeza pakiti, Honeywell DDP-516, ndani ya kabati la chuma la kijeshi lenye pete za kunyanyulia kwa winchi, uzito wake zaidi ya kilo 400. Picha za kabati hilo zimewapotosha wengi. Lilichaguliwa lisiharibike wala kuchokonolewa na wanafunzi. Laini zilikuwa za biti 50,000 kwa sekunde, na zilikodiwa kutoka AT&T. Hapa ndipo hadithi yote inapoanguka: pakiti za ARPANET zilipita katika nyaya na majengo ya mtandao uleule wa simu ambao Baran alikwisha kuonyesha kwamba ungekufa. Kanuni ya wasanifu ilikuwa kila kituo kiwe na angalau njia mbili. Hiyo ni kinga dhidi ya laini moja kuharibika Jumanne mchana. Kwa makombora mia ni sawa na kukinga mafuriko kwa mwavuli.

Mtandao huo uliwahi kuzimika wote bila bomu, na tukio hilo lingestahili kufundishwa katika kila chuo chetu cha ufundi. Tarehe 27 Oktoba 1980, ARPANET ulikwama kwa saa kadhaa. Kila kituo kilikuwa kikivitangazia vingine hali ya laini zake, na kila tangazo lilibeba namba ya mfuatano kutoka 0 hadi 63, kisha 0 tena. Kituo kikipata matangazo mawili ya mtoaji mmoja, hubaki na lililo jipya, na upya ulihesabiwa kwa kuzunguka: namba iliyo mbele kwa hatua zisizozidi 32 ndiyo mpya. Siku hiyo kumbukumbu ya mashine moja iliangusha biti, na tangazo moja likawa matatu, yenye namba 44, 40 na 8. Ziandike kwa mfumo wa jozi, wa 0 na 1 tu, uone kilichotokea: 44 ni 101100, 1 moja ikianguka inakuwa 101000, ambayo ni 40, nyingine ikianguka inakuwa 001000, ambayo ni 8. Sasa hesabu mzunguko. 44 iko mbele ya 40 kwa hatua 4. 8 iko mbele ya 44 kwa hatua 28. 40 iko mbele ya 8 kwa hatua 32. Kila tangazo ni jipya kuliko lililotangulia, na yote matatu yalikimbizana bila kikomo, mashine zikashughulika nayo tu hadi zikaacha kazi nyingine. Ukaguzi wa makosa ulikuwepo kwa safari ya wayani. Haukulinda tangazo likiwa limetulia kwenye kumbukumbu. Kuzima na kuwasha kituo kimoja hakukusaidia, kwa kuwa jirani alikirudishia sumu ileile. Ilibidi programu ya kila kituo irekebishwe ili yapuuzwe matangazo yenye jina la kituo kilichotoa tangazo lile.

Miaka sita baadaye, Desemba 1986, majimbo ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, yalikatiwa ARPANET. Laini zilizounganisha eneo hilo na nchi nzima zilikuwa saba, na kwenye mchoro zilionekana saba. Ardhini zote saba zilikuwa ndani ya kebo moja, na kebo hiyo ilikatwa kati ya Newark na White Plains. Mwenye mtandao alilipia njia saba. Mwenye kebo alizikusanya pamoja.

Je, hakuna mtandao uliojengwa kuhimili nyuklia? Upo, tena zaidi ya mmoja, na ukiutazama utaelewa bei ya uhimilivu. AT&T ileile ilichimbia kebo za kuvuka Marekani. Mfumo wake wa L-4, ulioanza kazi 1967, ulikuwa na mirija 20 ya shaba ndani ya kebo moja: jozi 9 za kazi na moja ya akiba, kila jozi ikibeba simu 3,600, jumla 32,400. Kebo ililala kina cha mita 1.2 hivi na njia yake iliikwepa miji mikubwa kwa makusudi, kwa sababu mji mkubwa ndio shabaha. Kila maili 2 kulikuwa na kikuza mawimbi kilichofukiwa, na kwa umbali usiozidi maili 150 kituo kikuu cha zege chini ya ardhi kilichovilisha vikuza hivyo umeme, chenye milango ya kuzuia mlipuko, vali za hewa zinazojifunga wimbi la mgandamizo likifika, mitambo iliyoning'inizwa kwenye springi ili isivunjike ardhi ikitikisika, jenereta, mafuta, maji na chakula cha mafundi.

Juu ya miundombinu hiyo ulikaa mtandao wa simu za kijeshi wa AUTOVON, ulioanza 1963, wenye vituo vilivyowekwa mbali na shabaha na vilivyounganishwa kama wavu. Simu zake zilikuwa na safu ya nne ya vibonye, upande wa kulia wa namba: FO, F, I na P, alama za madaraja ya kipaumbele kuanzia la juu. FO ilikuwa ya Rais na wakuu wa ngazi ya juu kabisa, na ikibonyezwa wakati laini zimejaa, mtambo ulikata simu ya mwenye daraja la chini na kumpa nafasi mkubwa. Hili husahaulika sana. Kuhimili si waya kubaki tu; ni pia kuamua mapema nani atanyamazishwa njia zikibaki chache. Intaneti ya kawaida haina kibonye hicho. Laini ikielemewa, pakiti ya daktari na pakiti ya video ya muziki zinagombea mlango uleule.

Tena jeshi halikuziamini kebo peke yake. Kuanzia tarehe 3 Februari 1961 hadi 24 Julai 1990, ndege moja ya amri iliyoitwa Looking Glass ilikuwa angani muda wote, usiku na mchana, ikibadilishana zamu na nyingine, ili makao ya ardhini yakifutika awepo wa kutoa amri. Miaka ya 1980 ukajengwa mtandao wa redio wa GWEN, wenye minara ya futi 299 na masafa ya kilohezi 150 hadi 175. Masafa hayo huambaa na uso wa ardhi, hayategemei tabaka la juu la anga ambalo mlipuko wa nyuklia hulivuruga. Nao ulituma ujumbe kwa pakiti. Kama kuna mahali ambapo wazo la Baran lilivaa sare za vita, ni huko.

Mlipuko wa juu angani una balaa jingine: mpigo wa umeme. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatoni 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston, katika Bahari ya Pasifiki. Huko Hawaii, kilomita 1,400 na zaidi kutoka hapo, taa za barabarani kama 300 zilizimika. Oktoba mwaka huohuo Wasovieti walifanya jaribio lao juu ya Kazakhstan, na fyuzi ziliungua kwenye laini ya simu ya juu ya nguzo yenye urefu wa kilomita 570. Mpigo huo wa umeme una awamu tatu. Ya kwanza hupanda ndani ya nanosekunde chache na huua saketi ndogo. Vizuia radi vya kawaida huchelewa kuizuia. Ya pili inafanana na radi, na vizuia radi vinaiweza. Ya tatu ni ya polepole, huingia kupitia nyaya ndefu na kuzidisha joto ndani ya transfoma. Hii ya tatu inafanana na dhoruba ya jua, kama ile iliyozima umeme wa jimbo la Québec, Kanada, tarehe 13 Machi 1989, ndani ya sekunde 90 hivi.

Husemwa kwamba nyuzi za kioo zimetuokoa kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Ni nusu ya ukweli. Mkongo wa baharini una vikuza mwanga kila baada ya makumi ya kilomita, na vikuza hivyo hulishwa umeme kupitia mrija wa shaba uliomo ndani ya mkongo, volti maelfu kadhaa kutoka vituo vya pwani. Kituo cha pwani kikipoteza umeme, kioo kizima hakina kazi.

Sasa turudi nyumbani. Februari 2012 meli iliutia nanga mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa ukakatika. Februari 2024 mkongo wa SEACOM uliharibika katika Bahari ya Shamu, njia ya kaskazini ikafungika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zikakatika siku moja kaskazini mwa Durban, njia ya kusini ikafungika nayo. Tanzania iliumia zaidi ya Kenya, kwani Kenya bado ilikuwa na TEAMS inayokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu. Mikongo miwili ya kampuni mbili, ikilala bahari ileile mahali palepale, ni hadithi ya New England kwa maji ya chumvi.

Anayenunua laini mbili kwa ajili ya taasisi yake asiridhike na majina mawili kwenye ankara. Aombe michoro ya njia kutoka kwa kila mtoa huduma, aiweke juu ya ramani moja, atazame daraja, mtaro, shimo la kuingilia jengo na kituo cha pwani. Mara nyingi laini zinazotenganishwa kwa kilomita 300 hukutana kwenye mita 20 za mwisho. Mkataba useme njia haihamishwi bila taarifa ya maandishi, la sivyo zitakusanywa kama zile saba. Kipimo cha kuwashika wenye mzaha kipo: mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za kebo huongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Laini mbili zinazodaiwa kupita kaskazini na kusini mwa bara, lakini zinafika seva moja ya Ulaya kwa muda unaolingana hadi milisekunde, zina la kujibu.

Laini mbili zikitumika kila moja kwa asilimia 60, moja ikikatika inayobaki inadaiwa 120. Huo ni mtandao uliokufa kwa msongamano, ingawa taa za ruta zinawaka kijani. Kila moja isivuke 50 saa ya kilele.

Umeme nao huangusha wengi. Mtambo wa kilowati 2 kwenye volti 48 huvuta ampea 42 hivi. Saa 8 ni ampea-saa 333, na kwa betri za risasi zisizofaa kumalizwa zaidi ya nusu, nunua kama 670. Kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza maisha yake karibu nusu, kwa hiyo chumba cha betri kisicho na kipozeo jijini Dar es Salaam hula betri kila baada ya muda mfupi. Jenereta inayokunywa lita 2.5 kwa saa inahitaji lita 420 kwa siku 7. Kinachoifanya isiwake siku ya haja mara nyingi ni betri yake ya kustatia iliyokufa, au maji yaliyojikusanya chini ya tanki la dizeli.

Lipo moja la mwisho. Tuna vituo vya kubadilishana data vya ndani, Dar es Salaam na Nairobi, ili ujumbe wa Kariakoo kwenda Posta usizunguke Ulaya. Mkongo ukikatika, huduma za ndani zingepaswa kuendelea. Haziendelei, kwa sababu tovuti iko Dar lakini seva ya majina yake, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya kompyuta, iko ng'ambo, au ukurasa unasubiri kuthibitisha nywila kwa kampuni ya nje. Njia ya kulijua hilo ni rahisi: usiku mmoja wa kazi ndogo, kwa taarifa kwa wahusika, zima njia zote za kimataifa za taasisi kwa dakika 30, kaa na karatasi, na uandike kila kinachokufa na sekunde iliyokufa.

Mhandisi wa mitandao ya mawasiliano,
Dar es Salaam